Betri ya gari inapoanza kufa: kuipima, kuichagua na kuibadilisha mwenyewe, Unguja na Pemba

Gari inapigwa stata asubuhi, inalia tik-tik-tik, na kabla ya saa nne mwenyewe keshafika dukani kununua betri mpya. Mara nyingi huwa amepatia, kwa sababu betri za huku kwetu hazina umri mrefu. Lakini si mara chache betri mpya nayo hulala baada ya wiki chache, kwa kuwa ugonjwa haukuwa wa betri. Ulikuwa wa altaneta (dinamo ya kuchajia betri) isiyochaji, wa waya wa ethi (unaounganisha hasi ya betri na bodi na injini) uliooza, au wa kifaa kinachonyonya moto, yaani umeme, usiku kucha. Pesa ya betri ni nyingi mno kuitupa kwa kubahatisha. Pima kwanza, ujue mkosaji ni nani, ndipo ufungue pochi.

Kazi yenyewe haihitaji karakana. Mtu mwenye maltimita (kipima umeme) ya bei rahisi, spana mbili tatu na utulivu anaweza kuifanya uani kwake. Kuna tahadhari chache tu ambazo gari za siku hizi zinazidai na za zamani hazikuzidai, nazo nitazieleza kila moja mahali pake.

Kwa nini betri hazidumu visiwani

Watu husikia kwamba baridi ndiyo inayoua betri. Ni kweli kwamba katika nchi za baridi gari hugoma asubuhi, lakini kinachoizeesha betri ni joto. Linavyozidi, sahani za risasi ndani ya betri huliwa haraka na maji hupungua. Kanuni ya kukadiria ni kwamba kila nyuzi 10 za Selsiasi zikiongezeka, uchakavu huo hukaribia kwenda maradufu. Wakati wa kaskazi, Januari na Februari, gari imekwama foleni ya Darajani na AC imewashwa, chini ya boneti ni jiko. Kwa hiyo betri ya kawaida ikitimiza miaka mitatu hapa, anza kuitilia shaka hata kama bado inawasha gari.

Jambo la pili ni safari fupi. Unguja nzima ina urefu wa kilomita 85 hivi, na wengi wetu hatuendi hata robo yake kwa siku. Kutoka Jang'ombe hadi Mkunazini ni dakika chache, na nyingi kati ya hizo injini iko sailensa, yaani inanguruma tu gari ikiwa imesimama. Altaneta ikizunguka polepole hutoa umeme kidogo, na AC, feni, redio na taa vinakula hichohicho. Betri inabaki nusu chaji siku nenda siku rudi, na betri inayokaa nusu chaji hufanya sulfeti ngumu juu ya sahani zake, ambayo baadaye hata chaja haiwezi kuiondoa.

Tatu ni kulala. Masika wageni wanapopungua Nungwi na Paje, gari za kukodisha hukaa wiki nyingi bila kuwashwa. Gari ya kisasa hailali kabisa. Alamu, kipokezi cha funguo na kumbukumbu za kompyuta huendelea kula kidogo. Chukua miliampea 50 tu, kiwango ambacho bado kinahesabika kuwa cha kawaida. Kwa saa 24 ni ampea-saa (Ah) 1.2. Betri ya 36 Ah inakauka kwa mwezi mmoja, na itashindwa kuwasha gari muda mrefu kabla ya hapo.

Na nne ni chumvi. Hii nitaikalia zaidi mbele, maana ndiyo inayodanganya watu wengi.

Dalili

Gari za zamani zilikuwa zinaonya: stata inavuta kwa uzito wiki nzima kabla ya kugoma. Gari za sasa zinawaka kwa mzunguko mmoja wa injini, hivyo betri dhaifu hujificha mpaka siku ya mwisho. Tafuta dalili kwengine. Saa ya dashibodi inarudi mwanzo. Taa za ABS au za usukani wa umeme zinawaka unapopiga stata kisha zinazimika. Kioo kinapanda polepole. Ile huduma ya injini kujizima yenyewe kwenye taa za barabarani imeacha kufanya kazi, kwa sababu kompyuta imeona betri haitoshi na imeamua kutozima injini.

Sikiliza pia gari inagoma vipi. Ikilia tik-tik-tik ya haraka na taa za dashibodi zinafifia, moto ni mdogo: ama betri, ama mahali waya zinapoungana. Ikitoa kishindo kimoja tu "tak!" na taa zikabaki na mwanga wake, shuku stata yenyewe. Isipotoa sauti yoyote na taa zinang'ara, angalia kama gia iko kwenye P na kama taa za breki zinawaka unapokanyaga. Swichi ya breki ikifa, gari ya kitufe haiwaki hata ukiiwekea betri tatu. Na kama gari inasema haioni ufunguo, huenda kilichokwisha ni kile kibetri kidogo ndani ya ufunguo. Gusisha ufunguo kwenye kitufe cha kuwashia, kanyaga breki, ujaribu tena.

Vitu vya kuwa navyo

Maltimita ya kidijitali. Spana namba 10, na 12 kwa gari nyengine. Brashi ya waya au msasa, glovu, miwani, ndoo ya maji, na magadi ya unga au bekingi soda kutoka jikoni. Grisi au vaselini. Ukiwa na haidromita (kipima uzito wa asidi) na betri yako ina vifuniko vinavyofunguka, vizuri zaidi.

Kabla ya chochote: hakuna sigara wala moto karibu, kwani betri inayochaji hutoa haidrojeni, na haidrojeni hulipuka. Vua pete na saa ya chuma. Pete ikigusa kichwa cha chanya (+) cha betri, pale waya unapobanwa, na bodi kwa pamoja, hupata moto papo hapo na kukata nyama ya kidole. Asidi ikikurukia jichoni, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa dakika 15 au zaidi, kisha nenda hospitali. Usisubiri kuona kama itapoa.

Kipimo cha kwanza: betri ikiwa imepumzika

Fungua boneti jioni uiache wazi, au uifunge bila kuibana, ili asubuhi usilazimike kufungua mlango na kuamsha kompyuta. Gari iwe imelala usiku mzima. Weka maltimita kwenye volti za DC, waya mwekundu kwenye +, mweusi kwenye −. Gusa risasi ya kichwa chenyewe, siyo kibano cha waya.

12.6 hadi 12.8: imejaa. 
12.4: robo tatu hivi. 
12.2: nusu. 
12.0: robo. 
Chini ya 11.9: imekwisha moto.

Betri za AGM, zile ambazo asidi yake imenyonywa na mikeka ya nyuzi za kioo, husoma juu kidogo ya hapo.

Namba hizi zinakwambia moto uliomo, hazikwambii afya. Betri iliyokwisha moto si lazima iwe imekufa. Huenda taa ya ndani iliachwa inawaka. Ichaji kwanza kwa chaja ya polepole, kiasi cha sehemu moja ya kumi ya ukubwa wake: betri ya 36 Ah kwa ampea 3 au 4. Iache ipumzike saa kadhaa, upime tena. Ikishika 12.6 na kubaki hapo hadi kesho yake, bado ina uhai. Ikianguka hadi 12.2 bila kuguswa, haishiki chaji tena. Na ikisimama kwenye 10.5 hivi hata baada ya kuchajiwa, seli moja imekufa: betri ina seli sita za volti 2.1 kila moja, ukitoa moja unabaki na hiyohiyo 10.5. Hiyo haina dawa. Haidromita inaonyesha jambo lilelile: seli moja ikiwa nyuma ya wenzake kwa 0.050 au zaidi, betri hiyo ni ya kuaga.

Hapa kuna hatari moja. Madukani kuna chupa za asidi kwa ajili ya betri mpya zilizokuja kavu, na kuna chupa za maji safi ya kuongezea, na zote wauzaji wengi huziita maji ya betri. Betri iliyopungua maji inataka maji safi yasiyo na madini. Usiiongezee asidi. Wala usitie maji ya kisima au ya mfereji: maji yetu yanapita kwenye miamba ya matumbawe na yamejaa chokaa.

Kipimo cha pili: wakati wa kupiga stata

Hiki ndicho kipimo kinachosema kweli. Maltimita ikiwa imebanwa kwenye vichwa vya betri, mtu mwengine apige stata. Ukiwa peke yako, simamisha simu irekodi video ya kioo cha maltimita, kisha uitazame polepole. Betri nzima hushuka hadi 10.5 au 11 na kupanda mara moja. Ikigusa chini ya 9.6, na ilianza ikiwa imejaa, haina nguvu tena. Mtego ni huo wa "ilianza ikiwa imejaa": kuijaribu betri yenye 12.1 ni kuionea.

Mafundi umeme wengi mjini wana mashine ndogo ya kupima CCA, yaani ampea ambazo betri inaweza kuzitoa kwa mpigo. Unaiingizia namba iliyoandikwa kwenye lebo, inakupa kilichobaki. Ikiwa lebo inasema 330 na mashine inasoma 180, hakuna cha kujadili. Kipimo hicho huchukua dakika moja, na kwa maoni yangu kina thamani kuliko maneno yote ya muuzaji.

Kwa Prius, Aqua na haibridi nyengine za Toyota (gari za injini na mota ya umeme) kipimo hiki hakifai. Betri yao ya volti 12 haizungushi injini. Kazi yake ni kuamsha kompyuta, na betri kubwa ndiyo inayoiwasha injini. Pima hivi: gari haijaingia READY (hali ya kuwa tayari kuendeshwa), washa taa kubwa kwa dakika mbili tatu huku ukitazama maltimita. Ikishuka haraka hadi 11.5 au chini, badilisha. Waya za rangi ya chungwa usiziguse kabisa. Hizo ni za umeme mkubwa unaoua.

Kipimo cha tatu: je, gari inachaji?

Washa injini. Kwenye vichwa vya betri usome baina ya 13.8 na 14.7. Kisha washa taa kubwa, feni ya AC hadi mwisho na kifuta mvuke cha kioo cha nyuma. Isiteremke chini ya 13.2 hivi. Ikibaki 12 na kidogo na inazidi kushuka, altaneta haitoi kitu, au mkanda wake umelegea au umekatika. Ikizidi 15, inaichemsha betri. Utasikia harufu ya mayai viza na kuona betri imevimba ubavuni. Ukitia betri mpya kwenye gari ya namna hiyo, unaiua.

Gari kadhaa za Kijapani za miaka ya karibuni hupunguza chaji makusudi ili kuokoa mafuta, na unaweza kusoma 12.8 betri ikiwa imejaa. Usiihukumu altaneta kabla hujawasha taa kubwa. Ikipanda hadi 14 na ushei, ni nzima.

Na tafadhali, kataa ule mtihani wa kuchomoa kichwa cha betri injini ikiwa inanguruma ili kuona kama itazima. Mafundi wa zamani waliufanya kwenye Land Rover za wakati huo na hazikudhurika. Kwenye gari yenye kompyuta, betri ndiyo inayotuliza volti za altaneta. Ukiichomoa, volti huruka ghafla na zinaweza kuunguza kompyuta ya injini. Maltimita inakupa jibu lilelile bila kuhatarisha kitu.

Chumvi, kutu na waya wa ethi

Gari inayolala Mizingani au Fumba hupulizwa na upepo wa bahari usiku kucha. Gari inayobeba samaki wa Malindi au mwani wa Paje hudondokewa na maji ya chumvi ndani kwa ndani. Kisiwani hakuna aliye mbali na bahari, na chumvi huvipata kwanza vibano vya betri na waya wa ethi.

Fungua kifuniko cha plastiki cha kichwa cha chanya. Ukiona unga mweupe wenye rangi ya buluu au kijani kibichi umeota kama uyoga, hiyo ni asidi na shaba vimekutana. Lakini kibaya zaidi ni kile usichokiona: utando mwembamba wa kijivu baina ya risasi na kibano. Kwa macho pamefungwa vizuri, spana haizunguki, na bado moto haupiti.

Pima hivi. Maltimita kwenye volti za DC. Ncha moja juu ya risasi ya kichwa cha hasi, nyengine juu ya kibano kinachokizunguka. Mtu apige stata. Isome sifuri au karibu yake. Kisha ncha ya pili ipeleke kwenye chuma kitupu cha injini, upige tena: ikizidi 0.5, waya wa ethi au mahali ulipofungwa pana kasoro. Fanya hivyo hivyo upande wa chanya, kutoka kichwa cha betri hadi kwenye nati nene ya stata kama unaifikia.

Niliwahi kuitazama Toyota Noah moja Wete ambayo ilikuwa kwenye betri ya pili ndani ya mwaka. Betri ilisoma 12.7. Stata ikipigwa, vichwani pa betri 11.9, lakini baina ya hasi na injini palisoma volti 2 nzima. Waya wa ethi kwa nje ulikuwa mzuri na mpira wake laini. Tulipoukunja karibu na kiungo chake cha chini ulipasuka, na ndani shaba imegeuka unga wa kijani, nyuzi tano sita tu ndizo zilizoshika. Waya mpya ulimaliza kazi, na betri ile haikuwa na kosa lolote.

Kusafisha: koroga kijiko kikubwa cha magadi au bekingi soda kwenye gilasi ya maji, mimina kidogo kidogo juu ya kutu. Itatoa povu, povu likiisha, asidi imekwisha nguvu. Usiruhusu maji hayo yaingie ndani ya seli. Suuza, kausha, piga msasa kichwa na ndani ya kibano mpaka risasi ing'are, funga, ndipo upake grisi juu yake. Grisi inapakwa baada ya kufunga, isiwe katikati ya risasi na kibano.

Anayenyonya moto usiku

Betri nzima, altaneta nzima, vibano safi, na bado asubuhi moto hakuna. Hapo tafuta mnyonyaji. Weka maltimita kwenye tundu la ampea 10, fungua kibano cha hasi, ingiza maltimita baina ya kibano na kichwa cha hasi. Zima kila kitu, milango imefungwa, ufunguo uwe mbali na gari. Subiri nusu saa hadi saa nzima, kwani kompyuta huchelewa kulala. Wakati huo usipige stata wala usiwashe gari, utaunguza maltimita.

Chini ya ampea 0.05, hakuna tatizo. Ikisoma 0.3 au 0.5, kuna kitu kiko macho. Chomoa fyuzi moja moja mpaka namba ianguke. Kwa uzoefu wangu, mara nyingi mkosaji ni kitu kilichoongezwa baada ya gari kufika: redio kubwa, kamera ya mbele, alamu ya mtaani, kifaa cha kufuatilia gari. Waya yake imegongwa kwenye umeme wa kudumu badala ya ule unaokatika ufunguo ukitolewa.

Kuchagua betri

Usinunue kwa jina la gari. "Nipe ya Toyota IST" haitoshi; gari ya jina moja huja na betri tofauti kwa injini tofauti. Soma lebo ya ile ya zamani, na upime trei, kwa sababu huenda aliyekutangulia aliweka isiyo yake.

Gari zetu nyingi zimetoka Japani na hufuata alama za huko. Chukua 46B24L. Namba 46 ni daraja la nguvu, ikiwa kubwa zaidi ndivyo nguvu inavyozidi. B ni upana na kimo: B ni nyembamba, upana wa milimita 129 hivi, D ni pana zaidi. 24 ni urefu kwa sentimita. L au R ni upande wa vichwa: ukiigeuza betri vichwa viwe karibu nawe, kwenye L chanya iko kulia, kwenye R iko kushoto. Hili la mwisho usikosee. Ukinunua R badala ya L, waya hazitafika, na kuzivuta kwa nguvu ni kukaribisha moto. Betri hiyohiyo ya 46B24L baadhi ya maduka huiita NS60L. 38B20L huitwa NS40ZL. Tazama na unene wa vichwa: betri za B kwa kawaida zina vichwa vyembamba, za D vinene. Kibano kipana kwenye kichwa chembamba, hata ukikaza vipi, kitacheza.

Kupanda daraja, kwa mfano kutoka 46B24L hadi 55B24L au 60B24L, hakuna ubaya, kushuka usikubali. Ukiona lebo yenye M-42, N-55, Q-85 au S-95, gari yako ni ya injini kujizima, na inataka betri ya EFB, iliyoimarishwa kwa kazi hiyo. Ukiweka ya kawaida itawaka, lakini betri haitafika mbali. Iliyokuwa na AGM irudishiwe AGM.

Kwa haibridi ambazo betri yao iko nyuma, ndani ya bodi pamoja na abiria, lazima iwe yenye tundu la kutolea gesi, na kile kimpira chembamba kirudishwe mahali pake. Lebo zao huanza na S, mfano S34B20R au S46B24R. Usikubali kuwekewa ya kawaida kwa kuwa "inaingia".

Dukani nenda na maltimita yako. Muuzaji atakwambia, "Hii mpya, ami, haijaguswa." Mwombe uiguse. Betri iliyojaa kiwandani inayosoma 12.3 imekaa sana kwenye rafu, na sulfeti zimeshaanza. Chukua yenye 12.5 kwenda juu. Soma tarehe ya kutengenezwa. Dai risiti na kadi ya dhamana iliyoandikwa tarehe na kugongwa muhuri. Mkaazi wa Pemba ambaye saizi yake haipatikani Chake wala Wete na anaagiza Unguja, asisubiri betri ifie Konde: aagize mara kipimo cha stata kinapoanza kukaribia 10. Njiani betri isafiri ikiwa imesimama wima, vichwa vimefunikwa.

Kuibadilisha

Kwanza teremsha kioo kimoja na usiache ufunguo ndani. Baadhi ya gari hujifunga moto ukirudi. Kama betri iko nyuma, acha buti wazi. Andika stesheni za redio ukizitaka. Redio nyingi za Toyota zenye ramani, moto ukikatika, huamka zikidai kadi ya SD ya ramani kwa Kijapani na hazipigi tena mpaka zipewe kadi au nambari ya kufungulia. Kama yako ni ya namna hiyo na inakupendeza, mpe fundi umeme aiunganishie gari moto wa pembeni kupitia tundu la uchunguzi wakati betri inabadilishwa. Gari ya Ulaya yenye kihisi cha betri kwenye kibano cha hasi huenda ikahitaji kusajiliwa betri mpya kwa mashine. Ulizia kabla, siyo baada.

Zima gari, toa ufunguo, subiri dakika mbili tatu.

Fungua hasi kwanza. Sababu yake ni hii: bodi yote ya gari ni hasi. Ukianza na chanya na spana ikagusa bodi, umefunga betri nzima juu ya spana moja, na cheche zake huyeyusha chuma. Hasi ikishatoka, chanya haina pa kurukia. Kibano kikigoma, kipanue kwa bisibisi taratibu; usikigonge kwa nyundo, kichwa kitalegea ndani. Funika kibano cha hasi kwa kitambaa kisirudi chenyewe.

Fungua chanya, kisha bano linaloishika betri. Inyanyue wima kwa mikono miwili, kwa miguu siyo kwa mgongo; betri ya gari ndogo ni kilo kumi na zaidi. Osha trei kwa maji ya magadi, ikauke. Pakiwa na kutu, piga msasa na rangi.

Weka mpya, hakikisha + inatazama upande wake, funga bano kwa nguvu. Barabara za shamba zenye mawe hutikisa, na betri inayocheza sahani zake huvunjika ndani. Funga chanya kwanza, hasi mwisho. Kacheche kadogo unapogusisha hasi ni kawaida. Ukikaza, jaribu kukizungusha kibano kwa mkono, kisitikisike. Paka grisi, rudisha kifuniko chekundu.

Washa gari, iache sailensa kwa dakika kadhaa. Injini ikisita kidogo siku ya kwanza, inajifunza upya. Taa ya usukani ikibaki, zungusha usukani polepole hadi mwisho wa kila upande. Kioo kikikataa kupanda chenyewe, kipandishe hadi juu na uendelee kuvuta swichi kwa sekunde chache. Pima chaji mara ya mwisho, na kwa kalamu ya wino usiofutika andika juu ya betri tarehe ya leo na volti ulizosoma.

Ukikwama njiani kabla ya yote haya

Gari za otomatiki haziwaki kwa kusukumwa, msijichoshe. Ombeni moto kwa waya nene. Nyekundu kwenye + ya iliyolala, mwisho wake kwenye + ya nzima. Nyeusi kwenye − ya nzima, na mwisho wake kwenye chuma kitupu cha injini ya iliyolala, mbali na betri, ili cheche isikutane na gesi. Subiri dakika tano, washa, kisha toa kwa kinyume cha mpangilio. Haibridi iliyolala inaombewa moto kupitia kituo chenye kifuniko chekundu kwenye sanduku la fyuzi chini ya boneti. Haibridi nzima usiitumie kuwasha gari nyengine ya kawaida. Haikuundwa kutoa ampea hizo.

Betri ya zamani

Ina thamani, kwa sababu risasi yake huyeyushwa na kutumika tena. Irudishe dukani upunguziwe bei, au wauzie wanunuzi wa chakavu ikiwa nzima. Usiipasue uani wala usimwage asidi yake. Risasi huharibu akili za watoto hata kwa kiasi kidogo, na maji tunayokunywa Unguja na Pemba yanatoka ardhini, chini ya miamba iliyojaa vishimo. Kinachomwagwa Kwahani leo hakichujwi na kitu kabla hakijafika kisimani.